Nimehamisha nusu ya mafaili kwenda akaunti mpya, sasa hayafunguki huku wala kule

MhaririWaUsiku

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada, na naomba mnijibu kama mnavyomjibu mtu anayejua kutumia Word vizuri sana na hajui kitu kingine chochote.

Kompyuta yetu ya nyumbani ni moja, Windows 11. Mdogo wangu ndiye aliyeniandalia miaka minne iliyopita. Aliifanya kazi hiyo kwa moyo mweupe kabisa, ila akaifungulia kwa barua pepe yake yeye, akaniambia "dada, utabadilisha baadaye". Baadaye yenyewe ndiyo hii. Barua pepe yake inaanza na neno bwanaharusi (aliifungua akiwa bado shuleni, msiniulize), basi kompyuta ikachukua herufi tano za mwanzo na folda yangu ikaitwa "bwana". Miaka minne kazi zangu zote zimelala ndani ya C:\Users\bwana. Mimi ni mama wa watoto wawili.

Ningevumilia jina. Kilichonishinda ni vikumbusho. Nikiwa katikati ya mswada, kona ya skrini inanijia taarifa kwamba kesho saa nne nina miadi ya kung'oa jino. Jino si langu. Juzi kabadilisha nywila yake, kompyuta ikaanza kunidai nywila mpya nisiyoijua. Nikasema imetosha.

Jumamosi nikafungua akaunti mpya kwa jina langu, ya msimamizi, isiyounganishwa na barua pepe ya mtu yeyote. Hapo palikwenda vizuri, hata folda imetoka na jina langu kamili. Halafu nikafanya haya:

Nilisoma mahali kwamba folda ya Public inaonwa na kila mtumiaji. Nikarudi akaunti ya zamani, nikaingia Downloads ambamo miswada ya wateja hufikia, nikachagua mafaili yote 312, nikakata, nikabandika ndani ya C:\Users\Public. Nikafunga skrini, nikaingia akaunti mpya. Mafaili nayaona, majina yote yapo, lakini nikibofya naambiwa sina ruhusa. Faili langu mwenyewe!

Basi nikaona nisipitie Public. Nikiwa akaunti mpya nikaenda moja kwa moja C:\Users\bwana. Ikaniuliza kama niendelee, nikabofya endelea, ikafikiri dakika kadhaa, ikafunguka. Nikaingia Documents. TUPU. Nilikaa nikiitazama ile folda kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta hata mlango haupo. Baada ya kuhangaika nikakuta kuna folda nyingine pembeni inaitwa OneDrive, ndani yake kuna Documents nyingine, na humo ndimo kazi zangu zilimo. Baadhi zina alama ya kiwingu. Nikijaribu kunakili zenye kiwingu napata kosa 0x8007016A. Nyingine chache zinasema zinatumiwa na programu nyingine, wakati mimi sijafungua kitu.

Hayo yote ningeyachukulia kwa utulivu. Kilichoniliza ni hiki. Nilifanikiwa kupata mswada mmoja, nikaufungua kwenye Word katika akaunti mpya, ukurasa wote ukawa mwekundu. Kazi yangu ni kuhariri vitabu, vingi vya sarufi. Kwa miaka minne nimekuwa nikiifundisha Word neno moja moja: mnyambuliko, utohozi, kirai, kishazi, viambishi. Kila ilipopiga mstari mwekundu chini ya neno sahihi nililiongeza kwenye kamusi yake. Sasa imesahau yote, inaniambia "mnyambuliko" ni kosa. Naomba kamusi yangu, jamani. Mafaili mengine nitayatafuta taratibu.

Vipimo kama mtavihitaji: diski C inaonyesha GB 119 kwa jumla, folda ya bwana ni GB 46, nafasi iliyobaki ni GB 21. Nina diski ya nje ya GB 500, karibu tupu.

Maswali yangu: haya yaliyoko Public nitayafunguaje? Ya kiwingu nayapataje? Kamusi yangu iko wapi? Na je, nikishamaliza nifute akaunti ya bwana?

---

Tajiri_wa_Megabaiti

Unajisumbua bure dada. Futa akaunti ya zamani, Windows yenyewe itakuuliza kama unataka kubakiza mafaili. Unakubali, inakuwekea yote kwenye folda moja juu ya eneokazi lako. Dakika tano kazi imekwisha.

---

Fundi Bila Cheti

Dada, kabla hujasoma chochote kingine: USIFUTE AKAUNTI YOYOTE LEO.

Tajiri hajakosea yote. Swali hilo la kubakiza mafaili lipo, lakini lipo ukifutia kwenye Control Panel, ile ya zamani. Ukifutia kwenye Mipangilio ya kawaida, unaonywa kwamba akaunti na data yake vyote vitaondoka, na ukikubali vinaondoka kweli. Na hata hiyo ya Control Panel inabakiza eneokazi, nyaraka, vipendwa, muziki, picha na video, basi. Kamusi yako haimo humo. Ungeamka kesho huna kamusi na huna pa kuitafuta.

Sasa tuyachukue moja moja, maana una matatizo manne tofauti yaliyovaa nguo moja.

Ya Public. Kila faili kwenye Windows hutembea na orodha ya watu wanaoruhusiwa kuligusa. Ukilinakili, nakala ni faili jipya, inazaliwa pale ulipoibandika na inachukua ruhusa za folda ile. Ukilikata na kulibandika ndani ya diski ileile, halizaliwi upya. Limehama chumba tu, na orodha yake ya zamani mfukoni, na kwenye orodha hiyo jina lako jipya halimo. Ndiyo maana Public inayaonyesha kwa wote lakini kufungua anaweza bwana peke yake. Kuwa msimamizi hakukusaidii kwa kubofya tu, kwa sababu programu unazofungua kwa kawaida hazibebi mamlaka yako ya usimamizi mpaka uombwe na ukubali. Hakuna kilichoharibika. Ungenakili badala ya kukata, usingeliona tatizo hili kabisa.

Ya Documents tupu. Mdogo wako, au kompyuta yenyewe wakati wa kuandaliwa, iliwasha OneDrive, ile huduma ya Microsoft ya kuhifadhi folda kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta zao za mbali kupitia intaneti. Ikiwashwa, Documents, eneokazi na picha huhamia ndani ya folda ya OneDrive. Ukiwa umeingia kama bwana hulijui hilo, kwa sababu ukibofya Documents unapelekwa kuliko mafaili. Ukija kwa mlango wa nyuma kutoka akaunti nyingine unaiona ile ya zamani imebaki ganda.

Ya kiwingu na 0x8007016A. Faili lenye kiwingu halimo kwenye diski yako. Kuna jina lake na ukubwa wake tu, mwili wake uko kwenye wingu la mdogo wako. Kosa hilo maana yake ni kwamba programu inayopaswa kuuleta mwili haifanyi kazi. Na kwenye akaunti yako mpya haiwezi kufanya kazi, kwa kuwa hujaingia kwa barua pepe ya bwanaharusi. Faili hizo lazima uziteremshe ukiwa ndani ya akaunti ya zamani. Utahitaji mdogo wako akupe ile nywila mpya, hapo hakuna njia ya pembeni.

Ya mafaili yanayotumiwa. Ulifunga skrini, hukutoka. Bwana bado yuko ndani, Word yake iko wazi nyuma ya pazia na imeshika mafaili. Kufunga skrini na kutoka kwenye akaunti ni vitu viwili. Toka kabisa, au zima na kuwasha, kisha ingia upande mmoja tu.

Ningekuwa mimi ningefanya hivi, na ningetumia hiyo diski ya nje kwa sababu mbili. Ya kwanza, una GB 46 na nafasi ya GB 21, nakala haitoshei ndani. Ya pili ni tamu zaidi: kama diski hiyo ina muundo (namna diski inavyopanga mafaili) wa exFAT, haijui habari za ruhusa. Faili likiingia humo linaacha orodha yake mlangoni, na ukilinakili kutoka humo kwenda akaunti mpya linachukua ruhusa zako. Kama ni NTFS ruhusa zipo, lakini kwa kuwa ni diski nyingine nakala inazaliwa upya vilevile. Usitumie kitu chenye muundo wa FAT32, huo hauwezi kubeba faili la kufika GB 4, na fleshi nyingi za zamani ziko hivyo.

Ingia kama bwana. Nenda folda ya OneDrive, chagua zote, bofya kulia, uchague ile inayosema zibaki daima kwenye kifaa hiki. Subiri. Viwingu vitageuka vema vya kijani. Usiondoke hapo mpaka cha mwisho kimegeuka. Kama wingu lake ni la bure lina GB 5 tu, kwa hiyo haiwezi kukujazia diski.

Halafu fungua dirisha la amri na uandike hii kwa mstari mmoja (robocopy ni programu ya kunakili iliyomo ndani ya Windows yenyewe), ukibadili E kama diski yako ina herufi nyingine:

`robocopy "C:\Users\bwana\OneDrive\Documents" "E:\hamisho\Documents" /E /XJ /R:1 /W:1 /LOG:E:\ripoti.txt`

Hiyo R:1 na W:1 usiisahau. Usipoiandika, robocopy ikikwama kwenye faili moja itajaribu tena mara milioni moja, na kila mara itasubiri sekunde 30. Sitanii, ndivyo ilivyopangwa tangu kiwandani. XJ inaizuia isifuate njia za uongo ambazo Windows huweka ndani ya folda za watumiaji, maana nyingine zinazunguka na kujirudia zenyewe. Ukimaliza fungua ripoti.txt, nenda chini kabisa kwenye jedwali, tazama safu ya FAILED. Ikiwa sifuri kwenye mstari wa Files, umepona. Rudia kwa picha na eneokazi. Yale 312 ya Public nayo yanakili hivyohivyo ukiwa bwana, kwa sababu yeye anayo ruhusa.

Na tafadhali NAKILI, usikate. Ukikata kutoka folda ya OneDrive unakuwa umefuta pia kwenye wingu la mdogo wako.

Kamusi. Hii ndiyo niliyoipenda. Ukiwa bwana, funga Word kwanza. Fungua folda yoyote, kwenye upau wa anwani andika %appdata% ubonyeze Enter. Itakupeleka kwenye folda iliyofichwa. Ingia Microsoft, kisha UProof. Kuna faili linaitwa CUSTOM.DIC. Hilo ndilo. Ni orodha ya maandishi matupu, neno moja kila mstari, unaweza hata kuifungua kwa Notepad ukaisoma. Inakili diski ya nje na uibadili jina, tuseme kamusi-yangu.dic, isije ikagongana na ile changa iliyokwisha kuzaliwa kwenye akaunti mpya. Ukifika akaunti mpya iweke ndani ya UProof yako, fungua Word, nenda kwenye chaguo zake sehemu ya usahihishaji, kamusi maalumu, uiongeze na kuifanya ndiyo ya msingi.

Kama una vifupisho vinavyojirekebisha vyenyewe unapoandika, hivyo viko jirani, folda ya Office badala ya UProof, mafaili yanayoanza na MSO na kuishia na .acl. Namba ya katikati ni ya lugha: 1033 Kiingereza cha Marekani, 1089 Kiswahili. Kiolezo chako cha msingi ni Normal.dotm kwenye folda ya Templates.

Usishawishike kubeba AppData, ile folda iliyofichwa, yote kwa pamoja. Na ukikutana na NTUSER.DAT iache palepale. Hiyo ni sajili ya mipangilio ya bwana, ukimvisha mtu mwingine utapata akaunti yenye kichaa.

---

Kizibo

Hii ndiyo sababu nilihamia Linux. Unanakili folda, unaandika `sudo chown -R jina:jina /home/jina`, kila kitu kinakuwa chako, unakwenda kulala.

---

Fundi Bila Cheti

Kizibo, dada ana miswada yenye alama za uhariri za Word na wateja wanaozisubiri. Linux tutamletea siku nyingine. Ila ni kweli, chown ni raha.

---

Tajiri_wa_Megabaiti

Nimenyoosha mikono. Sikujua kwamba ile ya Mipangilio haiulizi. Halafu nauliza na mimi: kwani ilikuwa lazima kuhama? Si angeibadili tu akaunti ya bwana iache barua pepe, iwe ya kompyuta peke yake?

---

Fundi Bila Cheti

Swali zuri, na kwa wengi ndilo jibu. Ukiwa ndani ya akaunti ya zamani kuna sehemu kwenye taarifa za akaunti yako ya kuacha kuingia kwa barua pepe na kutumia jina na nywila ya humuhumu. Mafaili hayasogei, kamusi haisogei, kila kitu kinabaki. Kinachobaki pia ni jina la folda. Unaweza kujiita malikia kwenye skrini ya kuingilia, kule chini bado ni C:\Users\bwana. Watu hujaribu kuibadili folda hiyo jina kwa nguvu, halafu programu zinaanza kuitafuta njia ya zamani na hazioni kitu. Sishauri.

Kwa kuwa dada ameshafungua mpya na ameshahamisha nusu, amalizie. Akirudi nyuma sasa atachanganya zaidi.

Dada, nilisahau nywila za kivinjari. Kama unatumia Chrome bila kuingia kwa akaunti, usinakili folda yake ukitegemea nywila zitakuja. Zimefungwa kwa ufunguo wa bwana na hazifunguki kwingine. Ukiwa bwana zitoe kwa kutumia kidhibiti cha nywila cha kivinjari chenyewe, utapata faili la CSV (jedwali la maandishi matupu), uliingize upande mpya, kisha ulifute HAPOHAPO, na kwenye pipa la taka pia. Faili hilo ni nywila zako zote kwa maandishi ya wazi. Wanaotumia Firefox wao wana nafuu, folda ya wasifu inahama na nywila zake ndani.

---

MhaririWaUsiku

Nimerudi. Mdogo wangu kanipa nywila baada ya kucheka kwa muda niliouona mrefu.

Kutoka kabisa kwenye akaunti kumetatua yale ya "linatumiwa na programu nyingine", karibu yote. Viwingu vimegeuka kijani kwa saa mbili hivi. Nimeandika ile amri, na naomba mjue kwamba hii ni mara yangu ya kwanza kuandika kitu kwenye lile dirisha jeusi. Nilisahau alama za kunukuu mara ya kwanza, ikanigombeza. Mara ya pili ikakubali.

Lakini ripoti inasema FAILED 2. Nimeipekua. Moja jina lake linaanza na ~$ halafu jina la mswada, la pili ni mswada wenyewe. Yote mawili ERROR 32. Mswada wenyewe ni wa kamusi ya wanafunzi, kurasa 640, siwezi kuupoteza.

---

Fundi Bila Cheti

Hujaupoteza. Kosa 32 maana yake faili limefunguliwa mahali. Hilo lenye ~$ ni kijifaili ambacho Word hukiweka kandokando ya waraka ulio wazi, kuwaambia wengine kwamba una mwenyewe kwa sasa. Kwa hiyo vinasema jambo moja: ulikuwa na mswada huo wazi kwenye Word wakati unaendesha amri. Funga Word, kijifaili kitatoweka chenyewe. Rudia amri ileile kama ilivyo. Haitaanza upya. Robocopy hulinganisha ukubwa na tarehe, yaliyokwisha kufika inayaruka, itabeba hilo moja lililobaki.

---

MhaririWaUsiku

Ni kweli ulikuwa wazi. Nilikuwa nahariri huku nikihama, ndiyo mimi huyo. Nimefunga, nimerudia, sekunde chache tu, FAILED 0.

Sasa niwape habari za kamusi. Niliikuta palepale, UProof, CUSTOM.DIC. Nimeifungua kwa Notepad kabla ya kuinakili, nikaibandika kwenye Word kuhesabu: maneno 3,812. Nilikaa nikiyasoma kuliko nilivyopaswa. Unaweza kuona nilikuwa nafanya kazi gani mwezi gani, kwa kuwa maneno yamekaa makundi makundi: hapa istilahi za fonolojia, pale majina ya samaki (kitabu cha baiolojia, kilinitesa), halafu ukurasa mzima wa majina ya watu wa hadithi moja. Nimekuta pia "miswaada" na "mswaada". Yaani niliwahi kuifundisha Word kosa langu mwenyewe, nayo ikanitii miaka yote hii. Nimeyafuta hayo mawili. Kwa hiyo sasa ni 3,810.

Nimeiweka akaunti mpya kwa jina la kamusi-yangu.dic, nikaiongeza kwenye chaguo za Word kama ulivyosema. Mwanzoni haikufanya kitu, kumbe nimeiongeza lakini sikuifanya ya msingi wala kuitia tiki. Nilipoitia tiki nikarudi kwenye mswada, mistari myekundu ikaondoka ukurasa mzima kwa mkupuo. Mwanangu mkubwa alikuwa nyuma yangu, akauliza nashangilia nini. Vifupisho vya MSO1089 navyo nimevipata, ukiniona naandika "klsh" kisha inageuka "Kishazi tegemezi" ujue niko nyumbani.

Yale 312 ya Public nimeyanakili nikiwa bwana, yako salama, yanafunguka.

Swali moja la mwisho, si la kompyuta sana. Nilipokuwa nasubiri viwingu nimetambua jambo: miswada ya wateja wangu, ambayo kwenye mikataba nimeahidi haitaonwa na mtu mwingine, imekaa miaka minne kwenye wingu la mdogo wangu. Hakuwahi kuifungua, anasema hata hakujua ipo, alikuwa anashangaa tu kwa nini kila mara anaambiwa nafasi imejaa. Nikiifuta akaunti ya bwana kwenye kompyuta hii, huko nako itafutika?

---

Fundi Bila Cheti

Hapana. Kuondoa akaunti kwenye kompyuta hakugusi kilichoko wingu. Hayo lazima yafutwe kule kwenyewe, na yeye mwenyewe, akiingia kwa kivinjari. Akishafuta yanakwenda kwenye pipa la taka la OneDrive na yanaweza kukaa humo hadi siku 30, kwa hiyo amwage na pipa. Lakini asifanye hivyo leo. Kwanza hakikisha upande wako umefungua angalau faili kumi kutoka folda tofauti, na ule mswada wa kurasa 640 uufungue mpaka ukurasa wa mwisho. Kisha diski ya nje iondoe kwenye kompyuta, iweke kabatini. Akifuta wakati kompyuta bado imeingia kama bwana na intaneti iko wazi, folda ya OneDrive ya hapo nayo itajimwaga. Kwa nakala zako haina neno, ila usije ukashtuka.

Akaunti ya bwana mpe mwezi. Ndani ya mwezi utakumbuka kitu kimoja ulichokisahau, kila mtu hukumbuka.

---

MhaririWaUsiku

Haukupita mwezi, zimepita siku tatu. Vijikaratasi vya njano vya Sticky Notes. Nambari za kurasa za marekebisho ya mswada mzima nilikuwa nimeziandika humo. Viko wapi?

---

Fundi Bila Cheti

Hahaha. Ingia kama bwana. Kama ni vichache, vifungue uvinakili kwa mkono, ni haraka zaidi. Kama ni vingi: AppData, Local, Packages, folda inayoanza na Microsoft.MicrosoftStickyNotes, kisha LocalState. Faili ni plum.sqlite, lichukue pamoja na ndugu zake wawili wenye jina hilohilo na mkia wa -wal na -shm kama wapo. Upande mpya fungua Sticky Notes mara moja ili folda izaliwe, ifunge, toa mafaili ya plum yaliyozaliwa humo, kisha weka ya zamani mahali pake.

---

MhaririWaUsiku

Vilikuwa kumi na vinne. Nimenakili kwa mkono. Cha kumi na nne kinasema "kumbuka kubadilisha akaunti", na tarehe yake ni ya miaka mitatu iliyopita.